Naomba ushauri: majumba ya kifalme kando ya mto Thames, nimpeleke mzee wapi?

Habari zenu wakuu. Baba mkwe anakuja London mwezi ujao kutoka Tanga. Ni mwalimu mstaafu wa historia na hataki kusikia habari za Big Ben. Anataka majumba ya wafalme ya kando ya mto Thames. Tuna siku moja tu, na goti lake linamsumbua.

Hampton Court naijua. Kardinali Wolsey alilijenga kwa mbwembwe, likaishia mikononi mwa Henry VIII. Ila hilo peke yake linamaliza siku nzima. Mimi roho yangu iko Richmond, kwenye kasri alilojenga Henry VII baada ya lile la Sheen kuungua 1497, ndimo alimofia Elizabeth I mwaka 1603. Shida ni kwamba limebaki lango na mabaki machache tu. Mzee atanielewa kweli, nimpandishe treni akatazame lango?

Nimefikiria pia Ham House ya 1610, halafu tuvuke mto kwa mashua hadi Marble Hill, nyumba ya Henrietta Howard, hawara wa George II (hapo naomba mama mkwe asiwepo nikieleza).

Mliowahi kwenda na wazee, Ham na Marble Hill zinatosha, au nianzie Richmond? Kupanda na kushuka kwenye ile mashua kukoje kwa mtu wa mkongojo? Na ile njia ya kando ya mto, maji yakijaa inapitika?