Mali kauli: nani alikuamini ukiwa huna mtaji, na uliutunzaje uaminifu huo? Tupeane uzoefu

Mwalimu wa Mwanga
Habari zenu ndugu zangu wa Kigoma, Tabora na kwingineko. Jana sokoni Mwanga nilimwona muuza mawese akimkabidhi kijana madumu mawili, akamwambia akauze na fedha azilete Jumamosi, bila kumwuliza dhamana yoyote; ndiyo mali kauli yenyewe. Nikawakumbuka wanafunzi wangu wa zamani wanaoniambia kila siku kwamba wamekwama kwa kukosa mtaji, ilhali watu wengi ninaowaheshimu hapa mjini walianza kwa mali ya mwingine. Naomba tuelezane: ni nani aliyekukabidhi mali yake ukiwa huna kitu, na mambo yalipoharibika ulifanya nini?

Mama wa Kibirizi
Umenigusa, Mwalimu. Mimi nilianza kwa dagaa wa mali kauli hapa Kibirizi, nikipewa na mwenye chombo aliyekuwa akifahamiana na marehemu mama yangu. Utaratibu mnaujua: vyombo vinatoka jioni na taa, asubuhi vinarudi, unachukua ndoo zako, unaanika, unauza wakavu, kisha ndipo unamlipa mwenye mali. Wengi wetu tulikuwa tukianika mchangani. Mimi nilikopa tena nyavu na miti nikatengeneza chanja, na wenzangu wakaniambia kwamba najitwisha deni juu ya deni, lakini dagaa wa chanja hawana mchanga na hukauka upesi kwa sababu upepo unawapitia juu na chini, na haukupita muda wanunuzi wa Dar es Salaam wakaanza kuniulizia.

Mmoja wao, ambaye tulifanya naye biashara vizuri msimu mzima, aliniomba nimtumie magunia kwa treni naye alipe mzigo ukifika. Kilikuwa kipindi cha giza, dagaa wamejaa na bei ya huku imeshuka, kwa hiyo nilikusanya wangu pamoja na wa wanawake wawili wenzangu. Kila gunia nililikagua mwenyewe: unatumbukiza mkono hadi katikati, unatoa konzi moja na kuikunja, dagaa mkavu anavunjika papo hapo, mwenye unyevu anapinda, na wachache wa namna hiyo wanatosha kuharibu gunia zima njiani. Mzigo ulifika salama, ukatolewa stesheni, na tangu saa hiyo simu ya yule bwana haikupatikana.

Fedha ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya mwenye chombo, na nyuma yake kulikuwa na wavuvi waliokesha ziwani wakisubiri mgawo wao. Nilishauriwa niende kwa dada yangu Kasulu nikakae mpaka mambo yapoe. Sikwenda. Jioni ileile, kabla habari haijamfikia kwa midomo ya watu, nilichukua daftari langu nikaenda kwake Ujiji, nikamkuta barazani na mkewe, nikamsomea mstari kwa mstari: tarehe, ndoo nilizochukua, nilichouza, nilicholipa na kilichopotea. Aliniuliza maswali mengi, mengine kwa hasira, na mkewe ndiye aliyemtuliza. Mwishowe alisema kwamba deni halifutiki, ila alfajiri nije ufukweni nichukue ndoo kama kawaida, na katika kila mauzo nikate sehemu ya kulipia. Wale wenzangu wawili nao niliwaandikia deni lao. Nililipa mpaka likaisha, na leo mwanawe ndiye anayenipa mzigo.

Binti Kasulu
Pole sana, mama. Hilo la kwenda mwenyewe kabla hujafuatwa nalichukua kama lilivyo.

Mrina asali, Sikonge
Shikamoo, mama. Huku kwetu aliyenikabidhi mizinga ni mjomba wangu, kwa masharti kwamba tugawane mavuno. Wakati wa kurina wanunuzi hufika na ndoo zao na fedha mkononi, wakitaka kila kitu siku hiyohiyo, na kishawishi ni kukata hata masega ambayo nyuki hawajayafunika kwa nta. Asali ya namna hiyo ina maji mengi na huchacha ndani ya ndoo. Mjomba alinikataza kabisa, hata mwaka ambao nilihitaji ada ya watoto, na ndiyo sababu mnunuzi wangu haifungui ndoo yangu kuionja kabla ya kulipa.

Mkulima wa Urambo
Mnazungumzia uaminifu wa hiari. Kwenye tumbaku uaminifu tunafungwa nao. Chama cha msingi cha ushirika kinachukua mkopo wa pembejeo kwa niaba yetu sote, mbolea inagawiwa, na wakati wa masoko makato yanaanza kabla mkulima hajashika shilingi. Msimu mmoja nilikesha kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku, nikichochea moto, nikapanga madaraja jani kwa jani, tumbaku yangu ikapata bei nzuri, halafu sehemu ya malipo yangu ikaenda kufidia deni la wanachama waliotorosha tumbaku yao na kuiuza kwa walanguzi. Nani atuambie kijana ajifunze nini hapo?

Katibu mstaafu wa chama cha msingi
Ndugu yangu wa Urambo, uchungu wako ni halali, lakini usiwaache vijana waamini kwamba dhamana ya pamoja ni dhuluma. Bila hiyo, mkulima wa ekari moja asiye na hati ya shamba angepata wapi mbolea? Kosa ni pale chama kinapogawa pembejeo kwa mtu ambaye kila mwanachama anajua kwamba hana shamba.

Mkulima wa Urambo
Na walioidhinisha majina hayo ni akina nani, kama si viongozi? Mwanachama wa kawaida orodha anaiona siku ya makato.

Katibu mstaafu wa chama cha msingi
Orodha husomwa kwenye mkutano mkuu. Nimeendesha mikutano ambayo nusu ya viti vilikuwa vitupu, na waliokosekana ndio waliopiga kelele wakati wa masoko.

Mkulima wa Urambo
Mimi nilikuwepo, nikauliza, nikaambiwa nikae chini.

Kijana wa Gungu
Samahani wazee wangu, tusiiache habari ya mama. Yule mnunuzi alipatikana? Kuna mahali uliripoti?

Mzee wa Ujiji
Nami nasubiri jibu hilo. Wakati huohuo nawashauri vijana: mtu akikuamini kwa mdomo, mlipe kwa mdomo. Ukimtolea karatasi mzee aliyekupa mali kwa heshima, unamwonyesha kwamba unamshuku.

Mrina asali, Sikonge
Naomba kutofautiana nawe, mzee wangu. Mjomba alipofariki, watoto wake walidai mizinga yote, hata ile niliyoichonga mwenyewe. Kilichoniokoa ni karatasi tuliyoandikiana mbele ya mwenyekiti wa kijiji.

Mchuuzi wa Katonga
Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, sisi wa mali kauli tuliona tofauti kubwa. Aliyekuwa akilipa kwa wakati alipewa mchele na mafuta ya kula dukani aendelee kuchuuza, na aliyezoea kuzungusha watu alikaa nyumbani miezi mitatu. Ushauri wangu unaweza kupingana na wa wengine: usitegemee mtu mmoja wa kukuamini, wala bidhaa moja.

Mama wa Kibirizi
Nawajibu kwa pamoja. Niliripoti, nikiwa na risiti ya mzigo na ujumbe wake wa simu. Alipatikana baadaye kupitia mnunuzi mwingine anayemfahamu, akalipa sehemu tu, na iliyobaki nimeacha kuidai kwa sababu nauli ya kumfuata ingeimaliza. Tangu hapo mzigo unaotoka Kigoma unatanguliwa na nusu ya fedha, awe ni nani.

Mzee wangu wa Ujiji, heshima yako naitunza, lakini daftari sitaliacha. Nakuwa na madaftari mawili, moja kwangu na jingine kwa mwenye chombo, tunaandika palepale ufukweni ndoo zikiwa mbele yetu, na asiyejua kusoma anaweka dole gumba baada ya mwanawe kumsomea. Kijana wa Gungu, ukihitaji kuona ukurasa ulivyopangwa, njoo asubuhi vyombo vikirudi. Usije wakati wa mbalamwezi, maana siku hizo wavuvi wanapumzika na hutanikuta ufukweni.