Mjadala: Tupime imani ya mgonjwa, au tuipime hospitali?

Mleta mada: Wakuu, tafiti nyingi za usawa katika afya zina dodoso la kumhoji mgonjwa: unawaamini wahudumu kiasi gani? Akisema hawaamini, dawa yake ni ileile, elimu kwa umma. Ni mara chache hospitali yenyewe kukaliwa kitako ikaulizwa kama inastahili kuaminiwa. Kule Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume Weusi wapatao 600. Kati yao 399 walikuwa na kaswende na hawakuambiwa ukweli. Penisilini ilipokuja kuwa tiba ya kawaida, wakanyimwa. Mjukuu wa mtu huyo akisita leo, unamwelimisha kitu gani? Fedha za utafiti zihamie kwenye kuupima mfumo. Karibuni.

Mchangiaji wa 1: Tuskegee imegeuzwa jibu la kila swali. Wengi wanaokataa chanjo hawajawahi hata kuisikia. Walichosikia ni sauti ya mtu asiyejulikana kwenye simu, imesambazwa na shangazi. Surua haisubiri mfumo utubu kwanza. Elimu itolewe, tena sana.

Mchangiaji wa 2: Hapo kwenye "hawajaisikia" ndipo ninapokataa. Sara Lowes na Eduardo Montero walichapisha mwaka 2021 utafiti kuhusu Kameruni na makoloni ya Ufaransa ya Afrika ya Kati. Kati ya 1921 na 1956, vikosi vya tiba vya kikoloni vilikusanya wanavijiji kwa nguvu na kuwadunga sindano za malale. Baadhi ya dawa hizo zilipofusha watu. Watafiti walipolinganisha maeneo, waliona kwamba pale vikosi vilipopita mara nyingi zaidi, watu wa leo hukataa zaidi kutolewa damu kwa kipimo cha bure. Waliodungwa wengi wameshazikwa. Hakuna sauti ya simu iliyohusika hapo, na kipeperushi cha elimu sijui kitafuta nini.

Mchangiaji wa 3: Na wala tusiifanye historia tu. Mwaka 2020 ilichapishwa Marekani kwamba kifaa cha kubana kidole kupima oksijeni kilishindwa kuona upungufu kwa wagonjwa Weusi karibu mara 3 zaidi kuliko kwa Wazungu. Mgonjwa anasema pumzi hazitoshi, namba inasema yuko sawa. Nani aaminiwe?

Mchangiaji wa 1: Sawa, nimewasikia. Ila mimi nina zamu kesho, sina miaka 30 ya kungoja. Nifanye nini?

Mchangiaji wa 3: Kuna jaribio la Oakland, California. Wanaume Weusi walipangiwa madaktari kwa bahati nasibu. Walipoonyeshwa picha ya daktari tu hapakuwa na tofauti, ila baada ya kuongea naye ana kwa ana, waliopata daktari Mweusi walikubali vipimo vingi zaidi.

Mchangiaji wa 1: Daktari wa aina hiyo hapatikani kwa kuagiza. Ila hilo la mazungumzo nalichukua.

Mleta mada: Lichukue, lakini usiniponyoke. Anayelipia tafiti hizi mara nyingi ni wizara au hospitali yenyewe. Dodoso la mgonjwa halimgusi. Orodha ya malalamiko yaliyofungwa bila majibu inamgusa. Nani hapa amewahi kuona mfadhili akilipia utafiti wa kujichunguza mwenyewe, na matokeo yakatoka hadharani?