Kuachana kwa heri: ni tabia au ni pesa?

Mkaa Tegeta (mtoa mada)
Wadau, juzi tulikuwa msibani, tukabishana hadi usiku wa manane. Nilitoa mfano wa Jeff Bezos, yule tajiri mwanzilishi wa Amazon, kampuni ya Marekani ya kuuza bidhaa mtandaoni, na aliyekuwa mkewe MacKenzie. Walioana 1993, wana watoto wanne. Januari 2019 walitoa tamko moja la pamoja: tunaachana, ila tutabaki wazazi na marafiki. Kufikia Julai yameisha. Magazeti ya udaku yalimwanika mume na mwanamke mwingine, lakini MacKenzie hakumjibu mtu hadharani. Wenzangu wakasema hiyo ni amani ya pesa, mnyonge haiwezi. Mimi nakataa. Mnasemaje?

Fundi Bomba
Amani gani, mkuu? Mama kaondoka na nusu ya Amazon! Kukaa nyumbani kulea watoto, hajabeba hata boksi moja, halafu nusu. Kwa donge hilo nani angegombana?

Mama Wawili
Fundi, hapo kwenye boksi umenigusa pabaya. Mwaka 1994 wale watu waliacha kazi New York wakakata nchi kwa gari hadi Seattle. MacKenzie kashika usukani, mume pembeni anaandika mpango wa biashara. Kampuni ilipoanza, hesabu alishika yeye. Unamwitaje mtu wa hela ya bure?
Mimi nimekaa kaunta ya duka la vifaa miaka 11. Mimba zote mbili nimezibeba nimesimama kaunta ileile, nahesabu misumari. Siku ya kuachana jina langu halikuwepo hata kwenye leseni. Nikaambiwa "ulikuwa unamsaidia mumeo tu."

Mzee wa Kesi
Tuweke sawa hesabu. Si nusu. Katika hisa zao za Amazon, mume alibaki na asilimia 75, mama akachukua robo. Hiyo ni kama asilimia 4 ya kampuni, takriban dola bilioni 35 wakati ule. Gazeti la Washington Post na kampuni ya roketi ya Blue Origin akamwachia mume, hata haki ya kupigia kura hisa zake akamwachia. Na kwa sheria ya jimbo la Washington, uliko mji huo wa Seattle, mlichochuma ndani ya ndoa ni chenu wote, kwa hiyo angeweza kudai zaidi.
Mama Wawili, pole sana dada yangu. Ila hata kwetu Tanzania neno "kusaidia" lilishajibiwa. Kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, 1983, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Kifungu cha 114, Sheria ya Ndoa ya 1971.

Fundi Bomba
Mzee, malizia basi hiyo kesi. Bi Hawa mwenyewe alipata nini? Si alishindwa?

Mzee wa Kesi
Alishindwa, ndiyo. Mahakama ilisema mume alishampa hela ya biashara akaitapanya, hivyo fungu lake alikuwa ameshalila. Lakini njia aliyoifungua wanapita wanawake hadi leo.

Wa Kisauni
Huku Kenya msijidanganye na nusu kwa nusu. Januari 2023 Mahakama ya Upeo ilisema usawa wa Kifungu cha 45 cha Katiba haumpi mtu nusu moja kwa moja, lazima aonyeshe mchango wake. Malezi na kazi za nyumbani zinahesabiwa, lakini uthibitishe. Niambieni, miaka 11 ya kuamka alfajiri mtu anaithibitisha na risiti gani?
Halafu Mkaa Tegeta, mbona twakwenda Seattle kutafuta heri? Suratul Baqara imeshasema, ama kukaa kwa wema ama kuachana kwa ihsani. Nyanya yangu aliachwa, na hadi babu anakufa alikuwa akimpelekea mkate wa mofa kila Ijumaa. Hawakuwa na kitu wale.

Mama Wawili
Mkate alikuwa anapeleka nani? Bibi. Siku zote ihsani inapikwa na mwanamke.

Wa Kisauni
Dada, nyanya yangu usimguse. Alipeleka kwa sababu alitaka.

Baba wa Jumamosi
Naomba niseme na mimi, maana watoto mmewasahau. Mwanangu ana miaka 8, mama yake yuko Mbagala, mimi Goba. Tuliachana bila kelele, tulipitia baraza la usuluhishi la kata tukaelewana. Lakini mtoto ana sare moja. Jumapili jioni nafua shati, naning'iniza mbele ya feni, na mvua ikinyesha anavaa bichi. Wiki iliyopita kiatu kimoja kilibaki kwangu, akaenda shule na kandambili, akachapwa. Mama yake akanipigia simu, tukafokeana dakika 20 huku mtoto anasikia. Wenye pesa mtoto ana kabati nyumba zote mbili, ugomvi wa kiatu hawaujui. Kwa hiyo waliokuwa msibani hawakukosea sana.

Mkaa Tegeta (mtoa mada)
Kaka, hapo umenibana. Sikuwahi kuliwaza hilo la kiatu. Ila kufokeana mtoto akisikia, hilo si la umaskini. Mngeweza kuongea kesho yake.

Baba wa Jumamosi
Kesho yake nilikuwa zamu ya usiku. Wewe una mtoto wa nyumba mbili?

Fundi Bomba
Mimi nimelelewa nyumba mbili. Nilikuwa nabeba mswaki mfukoni wiki nzima, hata shule, kwa sababu sikujua jioni nitalala wapi. Mama alifua nguo za watu akatusomesha. Sijawahi kudharau kazi ya mama, Mama Wawili, usiniweke huko.

Mama Wawili
Basi futa lile la boksi.

Fundi Bomba
La nusu nimekosea, nimeshasahihishwa. La boksi silifuti. Hisa za dola bilioni 35 na nguo za kufua si mizani moja.

Mama Wawili
Na miaka 11 ya kaunta unaipima kwa mizani ipi? Nijibu hilo kwanza.