Vifaranga wa harusi ya Mariamu: gumzo la kikundi cha familia

Zainabu: Assalamu alaykum, wakubwa zangu. Bibi, Mjomba na Shangazi, shikamooni. Nimeamua kufuga kuku wa nyama hapa nyumbani Kimara kwa ajili ya pilau ya harusi ya mdogo wetu Mariamu, ambayo kama mjuavyo ni Jumamosi ya pili ya Disemba. Kuku wa kienyeji nimekua nao kwa Bibi, lakini broila sijawahi kumfuga, ndiyo maana nawauliza kabla sijatoa hata shilingi moja. Kile chumba cha uani kilichokuwa stoo kimekwisha kusafishwa na kupigwa chokaa. Niagize vifaranga wangapi, na waingie lini?

Shangazi Mwanahawa: Marahaba, mwanangu. Hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya harusi. Broila aliyelishwa vizuri hufikia kilo mbili hivi akiwa hai kati ya wiki ya tano na ya sita, na akishachinjwa na kusafishwa hubaki karibu robo tatu ya uzito huo. Kwa hiyo vifaranga wako waingie mwishoni mwa Oktoba. Usingoje wiki hiyo ndipo uende kuulizia, kwa sababu mwisho wa mwaka kila mfugaji anaitazama Krismasi na vifaranga huwa wa kugombania. Weka oda mapema, tena kwa wakala ambaye majirani zako wamekwisha kununua kwake wakaridhika.

Kaka Rashidi: Bibi, Mjomba na Shangazi, shikamooni. Mimi naona kwamba, maadamu chumba kipo na mlezi yupo, mdogo wangu achukue vifaranga 300, ili 100 wawe wa harusi na waliobaki tuwauze sikukuu.

Shangazi Mwanahawa: Marahaba, Rashidi. Zainabu, chumba hicho kina ukubwa gani?

Zainabu: Kina mita nne kwa mita tatu, Shangazi.

Shangazi Mwanahawa: Basi ni mita 12 za mraba, na kwa joto la Dar es Salaam mita moja ya mraba ibebe kuku wanane, wakizidi sana kumi. Hapo hesabu ni kuku 96 hadi 120, kwa hiyo 100 wanatosha, na hao 300 wangekufa kwa kubanana kabla hata hawajaugua. Fikirini pia chakula, ambacho ndicho kinachokula zaidi ya nusu ya gharama yote. Broila mmoja mpaka anachinjwa hutafuna kama kilo tatu na nusu, hivyo kuku 100 wanahitaji mifuko saba ya kilo 50, nawe weka fedha ya mfuko wa nane kwa tahadhari. Fedha hiyo iwe mkononi kabla vifaranga hawajaingia. Nimewaona watu wengi hapa Morogoro wakianza kwa shangwe, kisha wiki ya nne, wakati ambapo kuku wanakula kuliko siku zote, wanaanza kuwapimia pumba tupu, na kuku anadumaa palepale alipofika.

Kaka Rashidi: Nimekuelewa, Shangazi. Basi wawe 100, nami nitachangia mifuko miwili ya chakula.

Mjomba Hamisi: Marahaba, wanangu. Nimesoma yote mliyoandika, na kwa kuwa kazi yangu ya miaka yote ilikuwa mifugo, naomba nizungumzie jambo moja kwa urefu, nalo ni joto la wiki mbili za mwanzo. Kifaranga wa siku moja ana manyoya laini tu, hawezi kujitengenezea joto la kumtosha, na hana mama wa kumfunika. Akipigwa na baridi usiku mmoja hali, hanywi, kiini cha yai kilichobaki tumboni mwake hakitumiki sawasawa, na hata akipona hawafikii wenzake. Vifo vingi ambavyo watu huvisingizia ugonjwa chanzo chake huwa ni hapo.

Kwa hiyo, Zainabu, tengeneza bruda, yaani kizimba cha joto cha kulelea vifaranga, iwe ya duara kwa kutumia mabati au maboksi magumu, maana penye kona vifaranga hulundikana na wa chini hukosa hewa. Kwa vifaranga 100 duara lenye eneo la mita mbili hadi tatu za mraba linatosha kuanzia, nawe utakuwa unalipanua kadiri wanavyokua. Mwaga maranda makavu ya mbao au pumba za mpunga kwa kina cha vidole vinne. Washa joto siku moja kabla hawajafika, ili maranda yenyewe yawe yamepata moto, kwa sababu kifaranga anapoteza joto kupitia miguu. Wiki ya kwanza joto liwe nyuzi 32 hadi 34 pale walipo, kisha lipungue nyuzi mbili au tatu kila wiki.

Zainabu: Mjomba, umeme wa huku hukatika mara kwa mara. Nikitumia jiko la mkaa kuna ubaya?

Mjomba Hamisi: Jiko la mkaa hutumika kila mahali, ila sharti zake usizivunje. Liwashe nje mpaka moshi wote uishe ndipo uliingize, lifunike kwa chungu ili joto lisambae na cheche zisiruke kwenye maranda, na sehemu ya juu ya madirisha uiache wazi. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua vifaranga na huua watu. Asilale mtu yeyote ndani ya chumba hicho kwa kisingizio cha kulinda vifaranga. Nalisema hili kwa uzito wote.

Bibi Tatu: Marahaba, wajukuu zangu. Anayeniandikia ni Saidi, maneno ni yangu. Mimi nataka kujua jambo moja kabla sijala pilau hiyo. Kuku wangu anachukua miezi sita au zaidi kufikia kuliwa, hawa wenu wanafika kwa wiki sita. Watu wanasema wanadungwa sindano za kukuza. Je, ni kweli?

Mjomba Hamisi: Shikamoo, Mama. Si kweli, na naomba uniamini kwa hili. Homoni ya ukuaji ni protini, kwa hiyo ukimlisha kuku tumbo lake litaimeng'enya kama chakula kingine, na ukitaka kumdunga ungelazimika kurudia sindano kila mara kwa kila kuku, kazi ambayo hakuna mfugaji anayeiweza wala inayoweza kumlipa. Kinachowakuza hawa ni mbegu na lishe. Mbegu kama Cobb 500 na Ross 308 zimetokana na kuchagua wazazi wanaokua haraka, kizazi baada ya kizazi, kwa miongo mingi. Jambo la kuliogopa ni jingine kabisa, nalo ni viuavijasumu, yaani antibiotiki, ambavyo baadhi ya wafugaji huvimwaga kwenye maji bila sababu, kisha wakauza kuku kabla dawa haijatoka mwilini. Tukifika huko nitaeleza.

Bibi Tatu: Marahaba, mwanangu. Hapo umenituliza moyo.

Shangazi Mwanahawa: Kuhusu chanjo, mwanangu, andika hivi kwenye daftari: siku ya 7 chanjo ya kideri, yaani Newcastle, siku ya 14 ya Gumboro, ugonjwa wa virusi unaoua kinga ya vifaranga, siku ya 21 kideri tena. Huo ndio mpangilio wetu wa kawaida, lakini mwulize pia afisa mifugo wa kata yako, kwa sababu anajua magonjwa yanayosumbua eneo lenu. Chanjo inunuliwe ikiwa kwenye barafu na ifike nyumbani ikiwa kwenye barafu. Asubuhi waondolee maji kwa saa moja au mbili ili wapate kiu, kisha wape maji ya chanjo wayamalize ndani ya saa mbili. Usitumie maji ya bomba yenye klorini, kwani huua chanjo. Tumia ya kisima au ya mvua, na uchanganye maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu mbili na nusu kwa lita.

Mjomba Hamisi: Naongeza hapo. Je, Zainabu, majirani zako wana kuku wa kienyeji wanaoranda?

Zainabu: Wapo wengi, Mjomba, wanapita uani kwetu kutwa nzima.

Mjomba Hamisi: Basi zungumza na majirani kwa upole mapema, wachanje pamoja nawe. Ipo chanjo ya kideri iitwayo I-2, inayotengenezwa Kibaha na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, ambayo hustahimili joto kuliko nyingine, na kuku mmoja hudondoshewa tone moja tu jichoni kila baada ya miezi mitatu au minne. Kideri hakijui mpaka wa ua. Mlangoni pa banda weka viatu vya kuingilia humo tu, pamoja na beseni la maji yenye dawa ya kuua vimelea, na asiingie mgeni kwa kutazama tu. Mama, hata wale wako wa Pongwe wanahitaji tone hilo.

Bibi Tatu: Mwambie Saidi ailete hiyo dawa. Mwaka jana kideri kilinimalizia kuku wote, akabaki jogoo peke yake.

*Mwishoni mwa Oktoba*

Zainabu: Shikamooni. Vifaranga wamefika leo saa nne asubuhi, wote 100 wakiwa hai. Nimewakagua mmoja mmoja kama alivyoniagiza Mjomba: macho maangavu, kitovu kimefunga na kukauka, miguu imenyooka. Wamekunywa maji ya uvuguvugu yenye glukosi, na chakula nimekitandaza juu ya magazeti. Lakini tangu magharibi wamejikusanya wote upande mmoja wa duara na wanalia sana. Kipimajoto kinasoma nyuzi 33, kwa hiyo sielewi.

Mjomba Hamisi: Marahaba. Kipimajoto kinakuambia joto la pale kilipotundikwa, vifaranga wanakuambia la pale walipo, kwa hiyo waamini wao. Wangelundikana kando ya jiko, ningesema wana baridi. Wangekimbilia ukingoni huku wakitweta na kuachia mabawa, ningesema joto limezidi. Wakijikusanya upande mmoja, kuna upepo unaowapiga kutoka upande wa pili. Piga magoti, shusha mkono wako usawa wa maranda, uuzungushe duara lote polepole.

Zainabu: Ni kweli, Mjomba. Upepo unapenya chini ya mlango. Nimeziba kwa gunia lililokunjwa, na sasa wanaanza kutawanyika.

Mjomba Hamisi: Sasa chukua wachache, gusisha miguu yao kwenye shavu lako. Ikiwa ya baridi, ongeza joto hata kama kipimajoto kinasema limetosha. Na kesho alfajiri papasa gole, yaani mfuko wa chakula ulio chini ya shingo, la kila utakayemshika. Gole lililojaa na laini maana yake amekula na kunywa. Likiwa gumu amekosa maji, likiwa tupu hajakiona chakula, na huyo umwoneshe kwa mkono wako. Magazeti uyaondoe baada ya siku mbili au tatu, kwa sababu huteleza na kuwapanua miguu.

Zainabu: Nimegusisha kumi. Wanane wana miguu ya uvuguvugu, wawili ya baridi. Nimesogeza chungu kidogo kuelekea katikati.

*Mwanzoni mwa Disemba*

Zainabu: Shikamooni, wakubwa. Tumebaki na kuku 96, na nilipowapima jana wengi walikaribia kilo mbili. Maranda nayageuza kila asubuhi, na yale yaliyolowa kuzunguka vyombo vya maji nayatoa, kwa hiyo harufu kali haipo na majirani hawajalalamika. Mambo mawili yananisumbua. Mchana joto ni kali na wanatweta sana, na leo watatu wanakohoa.

Shangazi Mwanahawa: Marahaba, mwanangu, umefanya kazi ya kusifiwa. Kuku mzito anayesaga chakula huongeza joto mwilini mwake mwenyewe, kwa hiyo ondoa chakula kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, uwape alfajiri na usiku. Maji ya baridi yawepo wakati wote, fungua pande zote za chumba, na usiwakurupushe mchana.

Kaka Rashidi: Kwa hao wanaokohoa, duka la hapa jirani lina dawa ya kuchanganya kwenye maji, nami naweza kuileta leo jioni ili wasiwaambukize wenzao.

Mjomba Hamisi: Hapana, Rashidi. Nakushukuru kwa kujali, lakini imebaki wiki moja na siku chache kabla ya harusi. Kila dawa ina muda wake wa kungoja, ulioandikwa kwenye kibandiko, ambao kabla haujapita kuku haliwi. Tukianza kuwatibu leo kwa siku tano, tutawalisha wageni wa Mariamu dawa ndani ya pilau. Zainabu, watenge hao watatu kwenye chumba kingine, umwite afisa mifugo awaone. Iwapo atasema watibiwe, basi watatibiwa wao, na hawatakuwa wa harusi. Kwa waliobaki, wape hewa safi na maranda makavu.

Zainabu: Nimewatenga, Mjomba, na afisa mifugo atakuja kesho asubuhi. Naomba nijue la mwisho, siku ya kuchinja niwaandae vipi?

Shangazi Mwanahawa: Kama mchinjaji anaanza alfajiri saa kumi na moja, usiku uliotangulia saa tatu ondoa chakula chote, ili matumbo yawe matupu na nyama isichafuke wakati wa kupasua. Maji waachie mpaka dakika ya kukamatwa. Wakamate gizani kwa kurunzi ndogo, mmoja mmoja, kwa kumshika mwili mzima na mabawa yakiwa yamebanwa, wala si kwa bawa moja, maana bawa huvunjika na damu huvilia kwenye nyama. Mimi nitashuka kutoka Morogoro siku mbili kabla, kwa hiyo andaa masufuria makubwa na kuni za kutosha za kuchemshia maji ya kunyonyolea.