Ndege mbili ziligongana, mdogo wangu akafariki. Bima wanataka mama atie sahihi

Mkaaji_Voi
Wanajukwaa, naombeni ushauri. Mdogo wangu alikuwa akisomea urubani. Wiki tatu zilizopita ndege yao ya mafunzo iligongana angani na ndege nyingine ndogo. Yeye na mwalimu wake hawakupona. Tumemzika Jumamosi. Jana, matanga hata hayajaanuliwa, akaja mtu wa bima na karatasi ya mama kutia sahihi ili apewe pesa ambazo hazifikii hata karo tuliyomlipia kijana. Baba alishatangulia, mimi ndiye mkubwa. Nataka kushtaki ila sijui nianze na nani: chuo, wenye ile ndege nyingine, au waongoza ndege? Au tusubiri ripoti ya uchunguzi? Mama hali wala halali.

Wakili_Pwani
Pole sana ndugu yangu. Mama asitie sahihi chochote. Karatasi za namna hiyo kwa kawaida husema familia imemalizana na wahusika wote, na kuja kuitengua mahakamani ni kazi kubwa.

Sasa jambo ambalo huenda likakuuma. Kwa sheria ya Kenya ya ajali za vifo, wanaofidiwa ni mke au mume, wazazi na watoto wa marehemu. Ndugu hayumo. Dai ni la mama. Wewe unaweza kuliendesha kwa niaba yake ukishapata kibali cha mahakama cha kusimamia mirathi kwa ajili ya kesi. Kaombeni hicho kwanza. Muda wa kushtaki ni miaka 3 tangu kifo, lakini ukiishtaki serikali ni miezi 12 tu, kwa hiyo msikae mkingoja ripoti. Risiti za mazishi ziwekeni zote, hata ya kukodi viti.

Rubani_Mstaafu
Poleni. Mimi nahofia sauti za redio. Kwa kanuni za kimataifa, rekodi za waongoza ndege huhifadhiwa angalau siku 30. Uchunguzi ukifunguliwa huwekwa zaidi, lakini wewe uko wiki ya tatu! Wakili aandike barua kesho kudai zisifutwe.

Ripoti nayo lengo lake ni kuzuia ajali nyingine, haitamhukumu mtu. Mwaka 2019 huko Ketchikan, Alaska, ndege mbili za watalii ziligongana wakafa watu 6. Wachunguzi walieleza kwamba marubani walitegemea macho, na macho yenyewe yalizibwa na sehemu za ndege zao, huku vifaa vyao vikikosa kuwaonya. Kwa hiyo ulizeni: ndege zote mbili zilikuwa na kifaa cha kuonyesha ndege za jirani? Kilikuwa kimewashwa? Nani alikuwa na wajibu wa kukikagua? Hapo ndipo utajua wa kumshtaki.

Binti_Mwatate
Kaka, hata ajali ya Nairobi ya Machi 5, 2024 ilikuwa ndege ya mafunzo na ya abiria iliyokuwa ikienda Diani. Wawili wa Cessna, ile ya mafunzo, walifariki, watu 44 wa ile ya abiria wakarudi uwanja wa Wilson salama. Mama akae na mtu usiku, tafadhali.

Mkaaji_Voi
Asanteni sana. Karatasi nimeichukua kwa mama, iko kwangu. Shangazi analala naye. Wakili, nimekuandikia faraghani. Leo ni siku ya 22.