Ananinyooshea mfupa wa mbuzi kwa sababu ya farasi! Leo sinyamazi

Dereva wa Reno:
Wakuu, nimetoka kwenye arusi sasa hivi, hata viatu sijavua. Jamaa mnamjua, sina haja ya kumtaja. Ni yule ambaye kuanzia hapa Nevada, Marekani, hadi Sacramento hakuna sinia la pilau lililowahi kufunuliwa yeye akiwa mbali nalo.

Nilikuwa nawasimulia watu wa meza yetu nilichokiona jangwani juzi. Serikali inawaswaga farasi mwitu kwa helikopta ili kuwapunguza. Inashuka mpaka vumbi linaifunika, farasi wanakimbia maili kadhaa, halafu wanajikuta kwenye uchochoro wa magunia unaozidi kubana. Pale mdomoni anaachiwa farasi mmoja aliyefundishwa. Anatimka kuingia zizini, wenzake wanamfuata wakidhani anajua njia. Kulikuwa na mtoto mmoja, miguu kama vijiti vya mishikaki, kaachwa nyuma analia. Mama yake yuko ndani ya vyuma, anageuka, anageuka.

Hapo ndipo jamaa akanyanyua mfupa, akaninyooshea usoni, mdomo umejaa: "Kwenu hata punda hamkuwa naye, leo unalilia farasi wa wazungu?"

Ukumbi mzima kicheko. Binti yangu wa miaka tisa kakaa pembeni yangu. Mfupa, wakuu! Bado una nyama!

Wazungu gani? Ile ni ardhi ya umma, na kodi ya lori langu imo. Velma Johnston alikuwa sekretari tu hapahapa Reno. Mwaka 1950 aliona damu inachuruzika kwenye lori la farasi wa kuchinjwa, akalifuata, na hakulala tena. Watoto wa shule waliandika barua kwa maelfu mpaka sheria ya kuwalinda ikapita 1971. Watoto, umri wa binti yangu! Leo farasi na punda mwitu zaidi ya 60,000 wameondolewa nyikani, wanashikiliwa mazizini na kwenye malisho ya kukodi, na kwenye ardhi hiyohiyo mwaka 2024 mfugaji alilipa dola 1.35 kwa mwezi kulisha ng'ombe na ndama wake. Soda hupati kwa hela hiyo. Halafu mimi ndiye wa kunyooshewa mfupa, mbele ya mwanangu!

Mpiga Kasia:
Pole mkuu. Mfupa wa paja au wa mbavu? Tuanzie hapo.

Mama Wawili:
Nilikuwepo. Wa paja. Mimi sikucheka, nilikohoa.

Mzee wa Hoja:
Farasi walirudi Marekani na merikebu za Wahispania. Wakiachwa, kundi linaweza kuwa maradufu kwa miaka minne au mitano. Nevada nyasi zenyewe za kuhesabu, maji ndiyo usiseme. Swala wa huko wanywe wapi?

Dereva wa Reno:
Mzee wangu, chanjo ya uzazi ipo. Jike anapigwa sindano kwa bunduki, anashtuka, anarudi kwenye majani yake. Milima ya Virginia hapo nje ya Reno wanaoifanya kazi hiyo ni watu wa kujitolea. Hilo ndilo nilikuwa naelekea kulisema, mfupa ukaingia.

Mkokoteni:
Nyinyi farasi wenu wanafungiwa, punda wetu huku Kenya walichunwa ngozi, zikaenda China kuwa dawa. Jirani yangu alilala na punda wanne akaamka na kamba nne. Umoja wa Afrika umekuja kupiga marufuku biashara hiyo 2024. Jirani yangu ananunua maji ya mkokoteni mpaka leo.

Fimbo ya Nyanya:
Farasi wameandikiwa barua na watoto wa shule. Sisi Wamaasai wa Loliondo, Tanzania, 2022 tuliwekewa vigingi vya mpaka kwenye malisho yetu. Uzi wetu ulipata wachangiaji wawili, mmoja akiuliza bei ya ng'ombe.

Mpiga Kasia:
Ng'ombe walikuwa bei gani?

Mama Wawili:
Tukirudi kwenye arusi, nani alisimamia lile pilau? Nimetoa mchango dola 50, nimepata viazi vitatu.

Mpiga Kasia:
Nyama yote ilikuwa kwenye ule mfupa.

Dereva wa Reno:
Jamani, naomba turudi kwenye mada. Yule mtoto wa farasi sijui kama alimpata mama yake.

Kamati ya Chakula:
Mama Wawili, mchango ulikuwa na ukumbi na viti pia. Usituchafue.

Mama Wawili:
Viti nilikalia kimoja. Weka risiti hapa.