Naomba ushauri: bugaluu ya mtumba na kisutu cha bibi

Habari zenu wapendwa. Mwezi ujao kuna sendofu ya binamu yangu, nami nimeamua kutoka kizamani, miaka ya 70, enzi za bugaluu (suruali pana chini) na raizoni (viatu vya soli nene). Soko la Karume nimeokota bugaluu ya mtumba, rangi ya kahawia, imenikaa kiunoni utadhani nilipimwa. Shida ni juu.

Bibi alinipa kisutu chake, ile kanga nyekundu, nyeusi na nyeupe ya maharusi, nikataka kushona blauzi. Nimekizungusha kifuani mbele ya kioo: wekundu na ukahawia vinagombana. Nikaongeza shali nyeupe, nikawa kama nesi. Halafu kimekaa sandukuni miaka mingi, kwenye mikunjo nyuzi zimeanza kulegea. Fundi wa mtaani anasema cherehani itakichana. (Na roho inaniuma kukipiga mkasi.)

Naombeni mnisaidie: nikifunge tu kilemba, juu nivae blauzi nyeusi, au nibadilishe suruali? Na pamba iliyochoka hivi, ikiwekewa bitana kwanza, itahimili kushonwa? Shanga nyekundu za shingoni ninazo, hereni bado.